Ghururi ya Pate: ni vina vinavyosema, au magofu?

Wasomaji wa Al-Inkishafi, shairi la kale la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, wana ubishi wa siku nyingi. Wapo wanaosema kiburi cha matajiri wa Pate kimevunjwa na ufundi wa utungaji. Wapo wanaosema kwamba bila kujua jinsi Pate ilivyoanguka, hayo ni mawaidha tu.

Tuchukue ubeti mmoja:

Madaka ya nyumba ya zisahani,
sasa walaliye wana wa nyuni,
bumu hukoroma kati nyumbani,
zisiji na kotwe waikaliye.

Nyuni ni ndege, bumu ni bundi, na zisiji na kotwe ni ndege pia. Kila mshororo una mizani 11, na pumzi hukatwa baada ya mizani ya 6. Mishororo mitatu ina kina cha -ni. Wa nne hurudi kwenye -ye, na -ye hiyo haibadiliki ubeti hata ubeti. Hapo ndipo penye ufundi. Kwa Kiamu cha kale, yaani Kiswahili cha Lamu, -iye ni ya jambo lililokwisha kutendeka na hali yake ingalipo: walaliye, yaani wamelala na ukienda utawakuta. Beti nyingi hufungwa hivyo, kwa jambo lisiloweza kutenguliwa. Ukisanifisha ukaandika "wamejikalia", kina kimekufa na mizani imekuwa 12.

Ila asiyejua daka ni nini atapitwa na kejeli yote. Daka ni kishubaka cha ukutani katika nyumba ya mawe. Hupangwa safu juu ya safu kwa chokaa, na sahani za kaure ziliwekwa humo ili mgeni azione. Si kabati la vyombo vya kulia. Makinda yamelala pale pale pa kujionyesha, na hilo kina hakiwezi kukueleza.

Muktadha nao hupitilizwa. Kulisoma shairi kama shtaka dhidi ya masultani ni kulipunja: linaishia kwenye adhabu za Jahanamu, na anayekemewa si mtawala. Shelley, mshairi Mwingereza, katika soneti yake ya 1818 juu ya Ozymandias, mfalme wa Misri ya kale, alimwacha mfalme ajisifu mwenyewe, mchanga ukamjibu. Sayyid Abdalla anausaili moyo wake: "huyui dunia ina ghururi?", yaani hujui kwamba dunia ina hadaa?

Kwa hiyo Mwamu, mtu wa Lamu, anayelisoma kwa sauti, ambaye wazee wake waliwashinda Wapate katika vita vya Shela, hapati mwanya wa kuwacheka. "Moyo wangu" unatoka kinywani mwake, na madaka pengine yako ukutani nyuma yake.