Na kama kipimo kilisema kweli?

Jumapili iliyopita mama mmoja alisimama madhabahuni kutoa ushuhuda. Mimba ikiwa na miezi mitano, ultrasaundi ilionyesha mtoto ana mgongo wazi. Mhudumu wa kliniki moja, kwa sauti ya chini kama anauza magendo, akamwambia, "Dada, bado mapema, unaweza kufikiria." Kutoa mimba, yaani. Mama hakufikiria. Alifunga, akaomba, na mtoto akazaliwa mzima, mgongo laini kama wa mtoto yeyote. Kanisa likalipuka. Vigelegele, kinanda, mchungaji anaruka: "Kipimo kilidanganya! Mungu hadanganyi!"

Nami nilipiga makofi, sijidai. Kisha nikageuka nyuma.

Nyuma kabisa, karibu na spika inayounguruma, alikuwepo mama mwingine na mwanawe wa miaka sita kwenye kiti cha magurudumu. Wanakaa pale kwa sababu wahudumu wa mlangoni walisema kiti kinaziba njia. Mtoto yule ana mgongo wazi. Kipimo chake hakikudanganya. Mama yake naye alifunga, naye aliomba, naye alikataa "kufikiria". Alikuwa anapiga makofi polepole, macho yako kwenye sakafu.

Tangu siku hiyo sijatulia. Sisi tunaosema mimba ni mtu, tunamtetea nani hasa? Kila wiki natumiwa WhatsApp kisa kilekile: daktari alisema mtoto atakuwa mlemavu, wazazi wakakataa kutoa, leo mtoto ni wa kwanza darasani. Amina. Lakini hebu tusome hoja iliyomo humo. Inasema usimtoe, maana huenda hana kasoro. Na akiwa nayo? Hapo kisa kinanyamaza. Vipimo navyo havitangoji tujipange. Siku hizi damu ya mama tu, kuanzia wiki ya 10, inaonyesha kama kuna uwezekano mkubwa mtoto ana kromosomu ya 21 ya ziada. Siku vitakapoacha kukosea, tutabaki tunamwambia nini mama aliyekaa benchi la kliniki?

Mfaransa Jérôme Lejeune, daktari na Mkatoliki, alikuwa miongoni mwa waliotangaza mwaka 1959 kwamba kromosomu hiyo ndiyo chanzo cha sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili. Alitamani kupata tiba. Akaona ugunduzi uleule unatumika kuwachuja wagonjwa wake kabla hawajazaliwa, na akatumia maisha yake yaliyobaki kupinga. Hakusema kipimo ni cha uongo. Angesemaje, wakati yeye ni mmoja wa waliokifungulia njia? Alisema huyu ni mgonjwa wangu. Uingereza nako ukomo wa kawaida wa kutoa mimba ni wiki 24, ila ikionekana mtoto atakuwa na ulemavu mkubwa ukomo unaondoka. Heidi Crowter, ambaye mwenyewe ana sindromu ya Down, aliishtaki serikali kwa sheria hiyo. Alishindwa, na rufaa nayo ikakataliwa Novemba 2022. Huyo ndiye ningependa asimame madhabahuni kwetu.

"Uliniunga tumboni mwa mama yangu." Zaburi ya 139 tunaiandika kwenye kadi za kubariki watoto, kama vile Daudi aliongeza chini kwa maandishi madogo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Musa alipolalamikia ulimi wake mzito, Mungu alimuuliza ni nani amfanyaye mtu bubu, au kiziwi, au kipofu. Aya hiyo sijaiona kwenye kadi yoyote.

Halafu mtu yuleyule anayekemea utoaji mimba ndiye atakayenong'ona, "Kwao kuna nini?" Yesu alishaulizwa swali hilo katika Yohana 9 na akalijibu: si kwa dhambi yake wala ya wazazi wake. Sisi sijui siku hiyo tulikuwa watoro.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si mimi ninayeamka usiku. Si mimi ninayemtoa mtoto mkojo kwa mpira kila baada ya saa chache, wala si mume wangu aliyeaga anaenda kutafuta kazi asirudi. Na wapo watoto wanaozaliwa bila fuvu kamili, wanaishi saa au siku chache. Mama wa mtoto huyo sina hotuba ya kumpa, labda kumshika mkono tu. Wanaosema Wakristo wanapenda mimba kuliko watoto wananiudhi, na wananiudhi zaidi kwa sababu kanisa letu lina ngazi nne mlangoni, halina njia ya kiti cha magurudumu, na mwaka huu tumenunua spika mpya.

Kumbe njia nyingine ipo. Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya misheni iliyofunguliwa 2001, daktari Benjamin Warf aliona watoto wa kichwa kikubwa, wanaojaa maji kichwani, wanakufa pale mpira wa kuyatoa maji hayo unapoziba, na nyumbani ni mbali na hospitali. Akabuni upasuaji usioacha mpira ndani. Baadaye ukavuka bahari hadi Boston, Marekani. Imani ile ilianza na mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa kimevimba kweli.

Jumatano nilimfuata mzee wa kanisa. Nikamwomba yule mama wa nyuma apewe dakika kumi za ushuhuda.

"Vizuri sana," akasema, akifungua daftari. "Mtoto amepona?"

Nikamwambia hapana, yuko vilevile, anapenda kwaya.

Akafunga daftari. "Basi tungoje kidogo, dada. Ushuhuda bado haujakamilika."