Kesi ya Merkle 1908: sheria sawa, ila mpira wenyewe ulikuwa upi?

Ile mechi ya besiboli ya Giants wa New York na Cubs wa Chicago, Septemba 23, 1908, hadi leo watu wanabishania kama pointi ya ushindi ya Giants ilifutwa kihalali, na mimi naona pande zote mbili zina hoja ila hakuna aliye msafi.

Kwa asiyejua: uwanja ni Polo Grounds, ubao 1-1, raundi ya 9 ndo ya mwisho, Giants wanapiga na wawili wao wameshatoka (yaani wametolewa na wapinzani, wakifika watatu zamu yao inaisha). Beisi ya tatu yupo McCormick, ya kwanza yupo dogo wa miaka 19, Fred Merkle, ambaye kaanza siku hiyo kwa vile tu Fred Tenney mgongo unamsumbua. Al Bridwell anapiga, mpira unapita katikati, McCormick anaingia nyumbani (beisi ya mwisho, hapo ndo pointi inahesabiwa), mashabiki wanamwagika uwanjani, na Merkle kuona vile anakata kona kwenda vyumbani bila kugusa beisi ya pili.

Sheria hapo iko wazi. Bridwell akikimbilia ya kwanza, Merkle lazima afike ya pili, na Cubs wakiigusa hiyo beisi na mpira mkononi kabla yake basi katoka, na kwa kuwa ni wa tatu kutoka, pointi inafutwa. Johnny Evers wa Cubs alikuwa anaijua vizuri sana, akaitisha mpira, refa Hank O'Day akasema dogo katoka.

Watu wa Giants wanasema kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Kweli kabisa, Septemba 4 kule Pittsburgh, Warren Gill wa Pirates alifanya hivyohivyo dhidi ya Cubs haohao, refa O'Day huyohuyo, Evers akalalamika wee na hakupewa kitu. Inauma. Ila sasa malalamiko yale yalifika mpaka kwa rais wa ligi, Harry Pulliam, kwa hiyo John McGraw kama kocha alitakiwa awaambie vijana wake mapema, hapo simtetei.

Kwangu mimi shida iko kwenye mpira. Hofman wa Cubs aliurusha kutoka nyuma, Joe McGinnity wa Giants, ambaye hata hachezi siku hiyo, akaudaka na inasemekana akautupa kwa mashabiki. Sasa Evers alishika mpira upi? Kila shahidi ana lake. Kama ni mwingine, Merkle hakutoka kihalali, lakini tena Giants nao watalalamikaje wakati mtu wao ndo kauingilia? Na kama katoka, mechi ilibidi iendelee, O'Day akasema giza, watu wamejaa, Pulliam akaipitisha kuwa sare.

Timu zikamaliza ligi zikiwa sawa, ile mechi ikarudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda 4-2 na kubeba ligi, halafu wakaichapa Detroit kwenye fainali. Merkle akaangushiwa jumba bovu, akaitwa kichwa maji maisha yake yote. Hapo ndo sikubaliani nao, maana baada ya ile sare Harry Coveleski, mrusha mpira wa Phillies, aliwafunga Giants mara 3 ndani ya siku 5, na wangeshinda moja tu kati ya hizo marudiano yasingekuwepo, ila waliochemsha kwenye mechi hizo mbona hakuna anayewataja.