Inaoza sawa, juani je?

Jamani hivi viriba vya miche vya plastiki ya "inaoza" vinavyouzwa siku hizi, kuna mtu aliviweka juani kwanza? Juzi nanyanyua mche wa mkorosho kitaluni, kiriba kikabaki mkononi vipande vipande kama chapati ya juzi, udongo chini, mizizi nje. Namrudia muuzaji anacheka, "si ndio kuoza kwenyewe bosi".

Sio kuoza! Kuoza ni bakteria na fangasi wa udongoni wanaitafuna plastiki mpaka inaisha. Jua kazi yake nyingine kabisa, ile mionzi ya UV inakatakata minyororo ya plastiki, na hii plastiki aina ya PBAT inayotumika sana kwenye mifuko laini ya kuoza ina balaa zaidi, minyororo mingine inashikana upya yenyewe kwa yenyewe, plastiki inakakamaa, inapasuka, na hao bakteria wanashindwa kuitafuna vizuri. Yaani umelipia kitu cha kuoza, jua linakuachia chenga zinazogoma kuoza.

Na dawa tunayo. Mti unashinda juani miaka na miaka, na sababu mojawapo ni finoli zake, yaani kemikali za mimea kama lignini kwenye mbao na tanini kwenye magome, zinameza UV nyingi kabla haijaleta madhara. Ukichanganya lignini kidogo kwenye hizi plastiki inakinga kweli, maabara wameshaonyesha. Sasa tujiangalie sisi: Njombe tunatoa tanini kwenye magome ya miwati tangu enzi za Mwingereza, inaishia kwenye ngozi. Kusini huko maganda ya korosho yamejaa mafuta yenye finoli, yale yale yanayobabua vidole vya akina mama wabanguaji, na korosho zetu nyingi zinapanda meli na maganda yake kwenda India na Vietnam. Halafu kesho tuuziwe dawa hiyo hiyo kwenye kopo, kwa dola. Inauma bwana.

Haya, kuchanganya masizi meusi kwenye plastiki ni bei chee na jua yanazuia vizuri, sibishi. Ila plastiki ikishaliwa, masizi yanabaki shambani. Dawa za viwandani za kukinga plastiki na jua ndio usiseme, mojawapo, UV-328, iliingizwa 2023 kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizoisha kwenye mazingira. Lignini nayo ukizidisha plastiki inakuwa kavu, inavunjika kirahisi, na inatia rangi ya kahawia, lakini kiriba cha kahawia kinamuudhi nani, mche?

Kwa hiyo wauzaji, hako kajani ka kijani kwenye pakiti kaondoeni, andikeni kiriba kinakaa juani miezi mingapi.