Dave, baghala Jenny na bastola ya dola mbili

Kijana wa miaka 17 anatoka shambani jioni akiwa amenuna, kwa sababu vibarua wenzake wanamsemesha kama mtoto. Anajiambia kwamba siku akiwa na bunduki watamheshimu. Hapo ndipo inapoanzia hadithi fupi ya Richard Wright, "The Man Who Was Almost a Man", iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1940. Kijana huyo ni Dave Saunders, Mmarekani Mweusi wa Kusini, kibarua wa Mzungu aitwaye Hawkins.

Wapo wanaomwona Dave mtoto mtupu, na hoja wanazo. Anambembeleza mama mpaka anapewa dola mbili, kwa ahadi kwamba bastola itakuwa ya baba. Ahadi haitimizi. Alfajiri anaondoka nayo kimyakimya, anamchukua Jenny, baghala wa Hawkins, kwenda kulima, na huko anafyatua risasi huku amefumba macho. Inampata Jenny. Dave anachota udongo mweusi, mbichi, anaushindilia kwenye tundu la risasi, lakini damu haikatiki, na mnyama anakufa mbele yake. Halafu anadanganya kwamba Jenny aliangukia ncha ya plau. Kila nikiisoma sehemu hii naiona mikono ile yenye tope. Ni mikono ya mtoto aliyevunja mtungi, anahangaika kuunga vigae kabla mama hajarudi.

Lakini tuutazame pia ulimwengu anamoishi. Mshahara wake hapewi yeye. Mama amepatana na Hawkins aupokee kwa niaba yake. Na Kusini ya Marekani ya wakati ule, mwanamume Mweusi aliweza kuota mvi na bado Mzungu akamwita "boy", yaani mtoto. Sisi tunalijua neno hilo: wakoloni walipomwita mpishi au mtumishi wao "boi", hawakuuliza ana wajukuu wangapi. Basi hata angengoja miaka kumi kwa subira, Dave angefika wapi? Mwenyewe anajiona anatumikishwa kama baghala, kisha anapigwa. Wanaosema bastola ni kilio cha mtu aliyenyimwa utu wake hawajakosea.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye mila za jando kuna pengo jingine. Kumbini kijana ana kungwi, ana wenzake, na siku ya kutoka watu wote wanajua ametoka. Dave hana wa kumfunda. Anayemuuzia bastola ni Joe, mwenye duka, na biashara ikiisha wameachana.

Hata hivyo siwezi kwenda na watetezi wake mpaka mwisho, kwa sababu mara nyingi Jenny huwatoka akilini. Wanaizungumzia bastola kama alama na kumsahau mnyama aliyevuja damu hadi kufa. Ukweli unapofichuka mbele ya umati, Hawkins anadai dola 50, zilipwe dola mbili kila mwezi. Ni miezi 25. Kwangu mimi, kosa alilitenda Dave, na kulilipa kwa jasho lake kungekuwa hatua ya kwanza ya utu uzima. Tatizo ni namna deni lilivyoletwa: watu wanamcheka usoni, na baba na Hawkins wanapatana juu yake kana kwamba hayupo. Wakubwa wale walimpa mzigo wa mwanamume wakamnyima heshima yake, na hapo lawama yangu inawaelekea wao zaidi.

Usiku Dave anaifukua bastola alikoificha na kupiga risasi tena, safari hii macho wazi, mpaka zinakwisha. Treni inapita, anairukia. Anaigusa bastola mfukoni, ipo, tupu. Nyuma yake mama na baba wamelala, na deni la baghala bado halijalipwa hata senti.