Kabla Hamjaisambaza Tena Ile Video ya Ulimi

Kwa kuwa Kasuku, aliyenirekodi nikilamba matone ya mti, ameshaipeleka video kila kundi la WhatsApp kuanzia Busia hadi Tororo, acheni na mwenye ulimi naye aseme. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nililamba. Lakini video inaanzia katikati, maelezo yangu yote yamekatwa, na juu yake kaandika "Bwana shamba ashikwa na kiu".

Mgunga wa pale stegi ya boda mnaujua. Jua la Machi linachoma, mvua hazijashika, saa saba mchana, na mti unadondosha maji. Nafika nakuta foleni. Mabeseni, jerikeni, mmoja ananawa macho, mwingine anampaka mtoto utosini. "Bwana shamba, huu ni muujiza au ugonjwa?" Mtu mwenye cheti cha kilimo ukutani mlitaka ajibu nini?

Nikaanza vizuri, na hii ndiyo sehemu ambayo Kasuku kaikata. Mti una mifereji ya aina mbili. Zailemu hupandisha maji kutoka mizizini. Seli zake zimeshakufa, imebaki mirija mitupu, na hakuna kinachosukuma: maji yanatoka kama mvuke kwenye vitundu vya majani, na yanayotoka yanayavuta yaliyo nyuma yake, hivyo hivyo mpaka udongoni. Maji ya humo yamevutwa yakakaza. Ukitoboa mrija hayaruki, bali hewa ndiyo inayoingia. Floemu iko hai, imekaa chini ya gome, na hubeba sukari kutoka majanini kwenda kwenye mizizi, matunda na machipukizi. Jani likishapakia sukari, maji nayo huifuata ndani, presha inapanda, na inaweza kufika hata mara nne ya presha ya tairi la boda. Hapo ukitoboa, utomvu unakuja wenyewe.

Basi mchana wa jua, mti wenyewe haumwagi maji namna ile. Kuna mdudu juu, na washukiwa ni wawili. Kidukari hutoboa floemu. Mrija wake wa mdomo ukishafika, presha ya mti inamlisha. Shida yake ni kwamba utomvu huo una sukari tele lakini chembe za kujengea protini ni chache, kwa hiyo hunywa kupita kiasi na sukari iliyozidi huiachia nyuma. Tamu, inanata. Mdudu wa povu, yule ambaye watoto wake hujificha ndani ya povu, hutoboa zailemu. Huyu lazima avute kwa nguvu kushindana na mti unaovuta, ndiyo maana kichwa chake kimejaa misuli ya kufyonza. Na kwa kuwa maji ya zailemu karibu hayana chakula, kwa siku moja hupitisha zaidi ya mara 100 ya uzito wake. Yanapita yakienda wapi? Subirini.

Najua kuna mjuaji ataandika, "Si ungeangalia tu kama sisimizi wanafuata sukari?" Ndugu yangu, chini ya mti ule kuna mwuza chapati na chai. Sisimizi wa kata nzima wanaishi pale, na ardhi inanata soda tangu enzi na enzi. Povu lenyewe lilikuwa juu, limejificha kwenye majani. Kipimo kilichobaki ni ulimi. Kiganja changu kilikuwa na mafuta ya chapati na sukari ya chai, kingeharibu kipimo. Hivyo nikainua kichwa.

Hapa Kasuku ndipo alipowasha simu.

Nikafumba macho. Nikatoa ulimi, wote. Foleni ikanyamaza. Tone la kwanza likaanguka kwenye pua. La pili kwenye miwani. Nikasogea kushoto, ulimi ukiwa nje bado, mikono nimeipanua nisianguke kwenye jiko la chapati. La tatu likatua katikati kabisa. Nikalionja taratibu. Nikalizungusha mdomoni. Nikaomba jingine, kwa uhakika. (Hapo ndipo mnaporudisha nyuma na kuangalia upya, nawajua.) Kisha nikatangaza kwa sauti ya mkutano: "Halina sukari! Haya ni maji ya zailemu! Juu kuna wadudu wa povu!"

Makofi. Kweli walipiga makofi.

Kijana wa chapati akapanda, akashuka na kitawi. Povu jeupe, na ndani yake watoto wa wadudu wamerundikana, vichwa vimezama kwenye gome. Tukainama sote. Mmoja alikuwa amechomoza nyuma yake nje ya povu. Pale kwenye ncha pakatokea kitone, kikavimba, kikang'aa, kikadondoka.

Kimya. Mtoto aliyepakwa utosini akasema, "Mama, kanakojoa."

Macho yote yakatoka kwenye kitawi, yakaja mdomoni kwangu.

Nikageuka nitafute pa kupita, nikakutana uso kwa uso na nani? Mama mkwe, na jerikeni yake. Kwa desturi hatupaswi hata kutazamana, basi akajifunika uso kwa leso. Leso ile ile aliyokuwa ameichovya.

Mengine mafupi. Foleni ilikatika, ingawa wawili walibaki wakisema baraka haichagui mlango. Mti ni mzima, msiupige dawa wala msiukate: wadudu wakiota mbawa watatawanyika wenyewe. Kasuku ananidai shukrani kwa kunipa umaarufu.

Mama mkwe naye kamtuma mke wangu aniulize kuhusu yale aliyopikia maharage. Nimemjibu kwamba maharage huchemka muda mrefu.