Siku moja ya Agra na orodha niliyoipiga kalamu

Wakala wa safari alinitumia ratiba ya kwenda mji wa Agra, India, kwa WhatsApp saa nne usiku. Kuondoka Delhi saa tisa usiku. Taj Mahal jua likichomoza. Chai na kifungua kinywa. Ngome ya Agra. Kaburi la Itimad-ud-Daulah. Kiwanda cha marumaru. Chakula cha mchana. Fatehpur Sikri. Kurudi Delhi, na muda ukiruhusu, kupita kwenye lango la kumbukumbu la India Gate kutazama taa. Yote hayo siku moja, gari la peke yetu, dereva wetu, mwongozaji wetu. Nilimsomea Mama kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Na kuswali tutaswali saa ngapi?"

Tulikuwa wiki ya tatu Delhi kwa matibabu yake. Waliowahi kumsindikiza mgonjwa India wanayajua maisha yale: chumba cha kupanga karibu na hospitali, jiko la pamoja, wenyeji wa Dar, Mombasa na Kampala wakiazimana sukari na kuulizana habari za vipimo. Kuna siku za pilika na kuna siku za kungoja. Daktari alisema majibu yatachukua siku nne, tupumzike. Mama akasema kama ni kupumzika, basi apelekwe kwenye ile nyumba ya kwenye kalenda.

Kalenda hiyo ilikuwa sebuleni kwetu Tanga tangu sijaanza shule. Tulipewa na duka la vitambaa. Mwaka uliisha, tarehe zikakatwa kwa mkasi, picha ya Taj Mahal ikabaki ukutani mpaka rangi ikapauka. Kwa hiyo msiniambie kwamba kwenda Agra na kurudi siku moja ni kupoteza pesa. Nimeyasikia hayo kwa watu wenye miezi miwili ya likizo na begi la mgongoni, wanaosema India haitazamwi kwa haraka. Kweli haitazamwi. Ila wengi wetu tunafika kule na mgonjwa, au na mzigo wa biashara, au tumepitia tu kwenda kwingine. Siku moja ndiyo tuliyo nayo. Tunayo haki ya kuitumia.

Ugomvi wangu ni na ile orodha.

Kwanza Ijumaa. Wakala wa kwanza niliyezungumza naye alikubali kutupeleka siku ya Ijumaa na akataka malipo ya awali. Taj Mahal hufungwa Ijumaa. Siku hiyo hufunguliwa tu kwa waumini wanaokwenda kuswali msikitini pale. Jambo hili kila anayeuza safari za Agra analijua. Nilipomuuliza, akasema tungeiona kutoka ng'ambo ya mto. Bustani ya Mehtab Bagh iko huko kweli, na ni pazuri, lakini huwezi kumchukulia mtu pesa ya kuingia ukampeleka kuchungulia. Nikatafuta mwingine, nikachagua Jumatano.

Pili, saa tisa usiku. Barabara ya kwenda Agra, Yamuna Expressway, iliyofunguliwa 2012, ina kilomita 165 zilizonyooka mpaka zinachosha macho. Ni nzuri, ya kulipia, haina mabonde. Hatari yake ni huo unyoofu, na ukungu wa Desemba na Januari ambao hulazimisha mwendo upunguzwe. Dereva anayekuchukua saa tisa usiku mara nyingi alikuwa kazini jana yake mpaka jioni. Muulizeni amelala saa ngapi. Nilimuuliza wetu kwa simu, kijana mpole, akanijibu ukweli: angefika nyumbani saa tano usiku. Tukaamua kuondoka baada ya swala ya alfajiri. Jua la kuchomoza tukaliona njiani, jekundu juu ya mashamba, na halikututoza tiketi.

Asiyependa barabara ana treni. Gatimaan Express hutoka kituo cha Hazrat Nizamuddin saa mbili asubuhi na kitu na kufika Agra kwa dakika mia moja hivi, nayo vilevile haisafiri Ijumaa. Mimi nilichagua gari kwa sababu ya magoti ya Mama, na pia nilitaka kuweza kusema simama, tukasimama.

Dereva alimwita Mama "Mataji", yaani mama kwa heshima, na kumfungulia mlango. "Gaadi" yake aliitaja mara kwa mara mpaka Mama akagutuka: "Kumbe wanasema gari!" Nikamwambia neno letu ndilo lilitoka kwao, na laki pia, na bima. Mpaka tunafika alikuwa anamtajia dereva maneno moja moja, kama anayekagua mali ya ukoo.

Tulifika kabla ya saa tatu. Magari hayaruhusiwi kusogea karibu, kwa sababu moshi huharibu marumaru. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vya eneo lile viache kuchoma makaa ya mawe au vihame. Unashukia mbali, unapanda kigari cha umeme. Tiketi ya mgeni ilikuwa rupia 1,100, na 200 zaidi ukitaka kupanda mpaka kwenye kaburi lenyewe. Lipeni hiyo 200. Tiketi ni ya saa tatu, na hizo saa tatu ni zenu. Katika ratiba ya wakala, Taj ilikuwa imepewa saa moja na nusu.

Mwongozaji wetu alikuwa mtu wa heshima, anayejua kazi yake, lakini alikuwa amezoea kukimbizwa na saa, naye akatukimbiza. Kwenye lango kuu, lile la mawe mekundu, alitoa dakika tano. Huku akitembea alishaanza kutueleza benchi alilokalia Princess Diana mwaka 1992 na namna ya kusimama ili kuba lionekane umelishika kwa vidole. Nikageuka, Mama hayupo. Amesimama chini ya lango, amenyanyua shingo, midomo inacheza.

Alikuwa anasoma. Kuuzunguka upinde wa lango kuna maandishi meusi yaliyopachikwa kwenye marumaru, yanapanda upande wa kulia, yanakata juu, yanashuka kushoto. Herufi zimepandana na kusukana, si rahisi. Lakini Mama alisoma chuoni mpaka akahitimu, akaona "Wal-fajri" pale chini, akashika njia. Ni Suratul Fajr yote, mpaka mwisho wake, pale nafsi iliyotulia inapoambiwa irejee kwa Mola wake, iingie Peponi. Alichukua muda. Watu wakapita kulia na kushoto. Mwongozaji akatazama saa yake mara mbili, halafu akaacha kuitazama, akaja kusimama kando yake.

Ndipo alipotueleza mambo ambayo hayakuwa kwenye dakika tano zake. Kwamba herufi za juu zimefanywa kubwa kuliko za chini ili mtu aliye chini azione sawa. Kwamba aliyesimamia maandishi yale ni Amanat Khan, mtu wa Shiraz, na kwamba yeye aliruhusiwa kuandika jina lake. Mama aliposikia Shiraz akatabasamu. Pwani yetu nani asiyelijua jina hilo? Mwongozaji mwenye elimu kiasi hicho alikuwa amefundishwa na biashara yake kuanzia kwenye benchi.

Halafu tukaingia, na jengo likatokea mbele yetu lote kwa pamoja. Sitaki kulieleza sana. Picha mnazo. Niseme tu kwamba kalenda ilitudanganya kwenye rangi: marumaru ya Makrana si nyeupe ya chokaa, inapokea mwanga na kuurudisha, na wingu likipita nayo inabadilika.

Njiani kuelekea kaburini mwongozaji akaanza hadithi ya mapenzi. Mfalme Shah Jahan, mke wake Mumtaz Mahal aliyemjengea kaburi hili, mapenzi yasiyo na mfano. Hadithi hii husimuliwa Agra nzima kwa maneno yaleyale, kuanzia kwenye tiketi hadi kwenye sumaku za friji. Mama alisikiliza vizuri. Kisha akauliza huyo mke alikufa kwa ugonjwa gani.

"Katika kujifungua," akasema mwongozaji. "Mwaka 1631, mjini Burhanpur. Mtoto wa kumi na nne."

Mama alikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka thelathini. Alisimama. "Wa kumi na nne," akarudia. Kisha akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyepewa msiba wa jirani: "Kumbe hili ni kaburi la mzazi."

Tangu hapo akawa anatembea vingine. Akauliza kama mkunga alikuwepo, kama uchungu ulichukua muda gani, kama alitokwa na damu nyingi. Mwongozaji alikuwa akijibu "sijui, Mataji" kwa sauti inayozidi kushuka. Na mtoto je, aliishi? Hilo nalo hakulijua. Akasema kwa miaka yote ya kazi hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza habari za mtoto.

Ndani kabisa ni giza kidogo na mwangwi mwingi. Walinzi wanapiga filimbi kuwasogeza watu. Makaburi unayoyaona pale juu ni ya kuonwa tu. Wenyewe wamelala chini yake, mahali palipofungwa. La Mumtaz liko katikati kamili, na la mumewe limeongezwa ubavuni baadaye, na ndilo pekee linaloharibu ulinganifu wa jengo zima. Mama aliinua mikono akasoma Fatiha. Tukasogezwa, akamalizia akitembea. Nje, kwenye kibaraza kinachotazama mto Yamuna, tukakaa karibu saa nzima bila kufanya lolote. Hiyo ndiyo saa ninayoitetea katika makala hii. Katika ratiba ya kampuni haimo, kwa sababu haina tiketi na haina duka.

Maana duka ndilo linalokula siku. "Kiwanda cha marumaru" ni chumba chenye mafundi wawili karibu na mlango wanaosugua mawe, na kumbi za kuuzia nyuma yao. Watakuambia wao ni wazao wa mafundi wa Taj. Ufundi wa kupachika vito kwenye marumaru ni wa kweli, na wapo mafundi wa kweli Agra wanaoufanya, siwavunjii heshima. Ila mgonjwa kukalishwa dakika arobaini akifunguliwa meza na masinia ya maelfu ya dola, hapana. Dereva wetu alitueleza bila kuficha: wao hupata kamisheni, na bila kamisheni mshahara ni mdogo. Tukakubaliana kwamba tutamwongezea yeye na mwongozaji kiasi fulani mkononi, na hatutaingia duka lolote. Wote wawili walifurahi. Ningeomba kila anayepanga safari hii aseme hivyo mapema, kabla gari halijawashwa.

Fatehpur Sikri nayo niliipiga kalamu, na hiyo iliniuma. Ni mji wa mfalme Akbar, makao yake makuu tangu 1571 hadi 1585, na pale pana kaburi la Sheikh Salim Chishti lenye kuta za marumaru zilizotobolewa kama lesi. Lakini ni karibu kilomita arobaini kutoka Agra, na lango lake kubwa, Buland Darwaza, lina ngazi za kumtoa mtu jasho. Kuipa dakika arobaini na tano jioni, mkiwa mmechoka, ni kuikosea adabu. Ina siku yake.

Tulichobakiza ni Ngome ya Agra, na hapo sina majuto. Akbar aliijenga upya kwa mawe mekundu kuanzia 1565. Mjukuu wake Shah Jahan aliongeza majumba ya marumaru humo, na humohumo mwanawe Aurangzeb akamfungia mwaka 1658. Alikaa miaka minane mpaka akafa, akihudumiwa na binti yake Jahanara. Ukisimama karibu na mnara wa Musamman Burj unaiona Taj kule kwenye kona ya mto, ndogo, ya buluu kidogo kwa vumbi. Ukitoka Taj ukaja hapa, unaona jambo moja kutoka pande mbili: asubuhi umesimama kwa mke, mchana umesimama kwa mume anayetazama. Hiyo ndiyo jozi ninayompa yeyote mwenye siku moja. Taj, kisha Ngome. Ukibaki na nguvu, kaburi la Itimad-ud-Daulah ambalo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake, kwa sababu ni dogo na tulivu. Vingine acheni.

Na Delhi yenyewe mbona ina mengi? Wiki iliyofuata tulichukua bajaji jioni mpaka kaburi la Humayun, baba yake Akbar, lililojengwa zaidi ya nusu karne kabla ya Taj, likatengenezwa upya chini ya taasisi ya Aga Khan ileile iliyoirudishia Forodhani ya Zanzibar sura yake. Hatukuwa na mwongozaji wala ratiba. Watu wa orodha huko hupita mbio.

Tuliondoka Agra saa kumi jioni. Mama alikuwa kiti cha nyuma, viatu amevua, amejifunika khanga. Nilikuwa natafuta kwenye simu lile swali ambalo mwongozaji alishindwa kulijibu. Kabla ya kituo cha kwanza cha kulipia barabara nikalipata.

"Mama, yule mtoto alipona. Wa kike. Waliita Gauhar Ara. Amefariki mwaka 1706."

Akahesabu kwa vidole chini ya khanga. "Sabini na tano," akasema. "Alhamdulillahi." Akalala mpaka Delhi.