Cha kuchovya nacho kina thamani yake

Kwenye duka la vifaa, biti mbili za kutobolea chuma zimelala sanduku moja, zote njano kama pete ya harusi. Muuzaji anaapa zote ni "za titani". Moja bei yake ni karibu mara tatu ya mwenzake, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nilinunua ya bei rahisi. Tundu la kwanza kwenye chuma cha geti lilipita vizuri, la tatu likatoa moshi, na ile njano ikabanduka kama rangi ya kucha. Baadaye nilinunua ya bei kali. Ninayo hadi leo, imeshanolewa mara kadhaa.

Tofauti yao ni utando wa mikromita mbili hadi nne, yaani elfu moja za milimita mbili hadi nne. Biti ya kweli huwekwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, titani ikageuzwa mvuke, ikaungana na naitrojeni na kutua juu ya chuma kwa joto la nyuzi mia nne na ushee. Njia ya zamani ilitaka nyuzi karibu 1000, joto ambalo lingeua ugumu wa chuma cha biti chenyewe. Kinachopatikana ni ngozi yenye ugumu zaidi ya mara mbili ya chuma kilicho chini yake. Ukiinoa ncha, dhahabu inatoka kwenye makali, lakini ile ya kwenye mifereji inabaki na chuma kilichokatwa kinaendelea kuteleza nje. Ile nyingine ilipakwa rangi tu.

Lugha yetu haina huruma na vitu hivi. Dhahabu ya kuchovya ni nusu tusi, iwe kwa mkufu au kwa mtu. Mimi nataka kuitetea kuchovya, ila si yote.

Tazama paneli ya sola. Ile buluu si rangi ya silikoni, ile malighafi inayogeuza mwanga kuwa umeme. Silikoni tupu ni ya kijivu inayong'aa, na inarudisha angani zaidi ya asilimia 30 ya mwanga unaoipiga. Buluu ni utando wa naitraidi ya silikoni, yaani silikoni iliyoungana na naitrojeni, wenye nanomita 75 hivi (nanomita elfu moja ni mikromita moja), unene uliopimwa ili mawimbi ya mwanga yanayorudi yafutane yenyewe kwa yenyewe. Juu kuna kioo, ambacho nacho hupoteza kama asilimia 4 kwenye uso wake wa mbele, kwa hiyo vioo vingi vya paneli za sasa hupakwa utando mwingine, wenye vitundu, wa nanomita mia moja na kidogo. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko huo mamia ya mara. Ujuzi wenyewe ni wa siku nyingi: mwaka 1886 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliona kwamba vioo vilivyochakaa kwa hewa vinapitisha mwanga zaidi kuliko vipya, na mwaka 1938 mwanasayansi Katharine Blodgett wa kampuni ya Marekani ya General Electric akatengeneza kioo kisichong'aa kwa kulaza tabaka za molekuli moja moja. Kipya ni kwamba kitu kilichokuwa cha maabara sasa kinapakwa kiwandani kwenye vioo vinavyoishia juu ya bati letu.

Basi panda nami juu ya bati hilo, Dodoma, mwezi wa tisa. Mvua tumeiaga tangu Aprili na paneli imekuwa nyekundu kwa vumbi. Jirani yangu, mtu makini asiyependa uchafu, anapanda na ndoo, sabuni ya unga na stilwaya. Anasugua hadi kioo kinalia. Anaposhuka kameridhika kajamaa, na utando umeanza kwenda na maji ya sabuni. Asilimia mbili tatu za mwanga alizolipia dukani zikiisha hazirudi. Ila niseme ukweli: wiki ile umeme wake uliongezeka, maana vumbi lilikuwa likimla zaidi ya alichokikwangua. Hasara ya stilwaya ni ya polepole, na ndiyo maana hakuna anayeiona. Kitambaa laini na maji vingetosha, lakini nani alimwambia? Paneli iliuzwa kama kioo, naye akaisafisha kama kioo.

Hapo ndipo wanapoingia wauzaji wa dawa za kupaka, za kuifanya paneli "ijisafishe". Kinachoahidiwa ni maji kukimbia juu ya kioo kama kwenye jani la mgimbi, yakibeba vumbi. Jambo hilo lipo kweli, nimeliona. Shida ni kwamba linataka maji, na Dodoma ya Juni hadi Oktoba haina mvua. Ina umande wa alfajiri kidogo, ambao hulowesha vumbi, jua likakausha, likashika kama saruji. Bukoba mvua ipo karibu mwaka mzima, lakini huko mvua hiyo hiyo inaosha paneli bure. Kwa mashamba makubwa ya sola ya jangwani, ambako kuosha ni gharama ya kila wiki, hesabu inaweza kutoka vingine. Kwa paneli mbili za nyumbani, nunua ndoo.

Kwenye mwili wa mtu mizani inakuwa nzito zaidi. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanuliwa ndani ya mshipa wa moyo ulioziba. Zile za kwanza zilikuwa chuma kitupu, na kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano mshipa ulijaa nyama na kuziba upya. Mwaka 2003 Marekani iliidhinisha Cypher, stenti iliyopakwa polima, aina ya plastiki, yenye sirolimasi, dawa iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui huko Pasifiki. Kuziba upya kukashuka sana. Madaktari walishangilia hadi mwaka 2006, kwenye mkutano wa moyo Barcelona, zilipowekwa mezani takwimu za wagonjwa ambao damu iliganda ndani ya stenti muda mrefu baada ya kuwekewa. Dawa iliyozuia nyama isiote ilichelewesha pia ukuta wa mshipa kupona, na polima yenyewe ilishukiwa kuuchokoza mwili.

Wapo waliotaka turudi kwenye chuma kitupu. Hawakuwa wajinga, na bado wangekosea. Jibu lililofanya kazi lilikuwa kuubadilisha mpako: chuma chembamba zaidi, dawa nyingine, polima nyingine. Stenti ya Xience, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, hutumia polima yenye florini, na tafiti zilizofuata zilionyesha damu kuganda ndani yake mara chache hata kuliko kwenye chuma kitupu. Hata hivyo mgonjwa anatoka hospitali na vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda, vya miezi mingi. Kwetu, ambako stenti huwekwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, mimi ningeuliza kwanza kama vidonge vitapatikana mwezi wa nne baada ya kuwekewa, ndipo niulize aina ya mpako. Mpako mzuri haumkingi mtu aliyeacha dawa kwa kukosa nauli.

Na hiyo florini ndiyo inayonipa shida. Polima hiyo iko kwenye ukoo wa PFAS, kemikali zenye florini zinazoitwa za milele kwa sababu hazivunjiki kirahisi. Mojawapo, PFOA, ilitumika kutengenezea Teflon, mpako wa sufuria zisizoshika chakula, karibu na Parkersburg, West Virginia, Marekani, ikaingia kwenye maji ya kunywa ya watu. Mwaka 2017 kampuni za DuPont, yenye kiwanda hicho awali, na Chemours, iliyotokana nayo, zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,550. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kuzuia kemikali sumu zisizooza, uliiorodhesha PFOA mwaka 2019. Mwaka 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden zilipendekeza Ulaya izuie ukoo mzima, aina kama 10,000, huku baadhi ya matumizi yakipewa muda mrefu zaidi.

Wenye viwanda wanajibu kwamba polima iliyokamilika ni molekuli kubwa, haiyeyuki kwenye maji wala haipenyi seli. Kwa stenti iliyomo ndani ya mshipa, nawaamini. Wapinzani wanasema uchafu hutoka mwanzoni, kiwandani, na mwishoni, jalalani. Hao nao nawaamini, na Parkersburg ni ushahidi wao. Kwangu sufuria isiyoshika ugali na mwavuli usiolowa vingeondoka kesho, na stenti ibaki mpaka ipatikane nyingine isiyogandisha damu.

Paneli iko katikati. Nyingi zina karatasi nyeupe mgongoni, na aina nyingi za karatasi hiyo zimefunikwa utando wa florini ili jua na mvua visiile. Ikiwa juu ya bati haimdhuru mtu. Ikichomwa, moshi wake una sumu. Paneli za kwanza zilizofika vijijini zimeanza kushushwa, na sijaona anayezikusanya. Moja niliikuta imelazwa juu ya banda la kuku, mgongo chini, kuku wamejibanza kivulini. Mwenyewe alitaka kujua kama inafaa kuchomwa ili atoe zile nyaya za ndani. Nilimwambia aiache hapo hapo bandani.